Usimnyonge Yule Askari

Habari kwamba askari atanyongwa zilimfikia Khalayi akiwa nyuma ya jiko lake kule Iguhu, kisu mkononi, anamenya ndizi za kuchemsha. Aliyezileta ni Protus, dereva wa trekta la miwa, aliyesimama njiani kuomba maji, kidogo ya kwake na mengi ya trekta.

"Mama, umesikia? Muuaji amejulikana!"

"Muuaji gani tena?"

"Wa kile kitabu cha mkwe wako. Alitusomea jana pale kwenye mizani. Sisi wote tuliwekeana dau la soda, wengine tunashika mpishi, wengine fundi wa saa. Kumbe siye! Ni askari mwenyewe, yule mpelelezi, mwenye kupiganga chafya! Ananyongwa ukurasa wa mwisho. Mimi nilipiga mluzi, mama, karibu nimwage soda."

Khalayi aliweka kisu chini.

"Protus, baba. Meza maji yako kwanza, halafu useme pole pole. Nani ananyongwa?"

"Askari."

"Yule anayetembea miguu mitupu?"

"Huyo huyo. Anahesabu watuhumiwa kwa vidole vya miguu, kumbe kidole gumba ni yeye! Kitabu kinaenda posta Jumatatu." Protus alimtazama. "Mbona macho yako hivyo, mama?"

"Ni hizi ndizi."

Ndizi hazimtoi mtu machozi, na Protus alijua. Lakini alikuwa amelelewa vizuri, kwa hiyo akageuka kulitazama trekta lake kana kwamba ndiyo mara ya kwanza analiona.

Mkwe mwenyewe aliitwa Hezekiah Andati. Alikuwa amemwoa Dorothy, mtoto pekee wa Khalayi, wakakaa mjini, Amalemba, na kazi yake ilikuwa kupima miwa kwenye mizani moja nje ya mji. Ilikuwa ile miaka ambayo miwa iliingia mpaka kwenye ua wa kanisa. Watu waling'oa mahindi, waling'oa maharagwe, na mzee mmoja ilisemekana karibu ang'oe mke wa pili apate nafasi ya mstari mmoja zaidi. Mabati mapya yalimpiga mtu macho kila upande. Redio zililia kwenye nyumba ambazo hazikuwa hata na meza ya kuziweka. Na pamoja na miwa yote hiyo, mtu akitaka chai alituma dukani kununua sukari, jambo ambalo Khalayi hakuchoka kulicheka.

Wengine walipopata hela za miwa walinunua baiskeli. Hezekiah alinunua mashine ya taipu, kuukuu, yenye kelele kama mvua ya mawe. Matrekta yakipanga foleni kwenye mizani, yeye huku anapima, huku anaandika. Na alichokuwa akiandika ni hadithi ya upelelezi: tajiri mmoja aitwaye Bwana Makoti ameuawa kwa sumu ndani ya chai, katika jiji la Nairobi. Si Nairobi ya sasa. Nairobi ya zamani, kabla ya vita vya Hitler.

"Kwa nini ya zamani?" Dorothy alimwuliza siku alipoanza.

"Ya leo kila dereva anaijua. Nikikosea kona moja tu ya barabara watanicheka mpaka nistaafu. Ya zamani nani atanibishia?"

"Lakini wewe umefika Nairobi mara moja, kwa mazishi, ukarudi na mafua."

"Ndiyo maana nataka mtu wa kuniambia."

Na mtu aliyejua Nairobi ya zamani, katika watu wote ambao Hezekiah angeweza kuwafikia kwa baiskeli, alikuwa mmoja: Khalayi, aliyekuwa yaya kule enzi za usichana wake. Yaani mama mkwe. Yaani mtu pekee duniani ambaye Hezekiah hakuruhusiwa kumtazama.

Kwa watu wa rika la Khalayi, mama mkwe na mkwe wake wa kiume hawaonani uso kwa uso. Hawapeani mkono, hawali chombo kimoja, hawatajani majina. Wakikutana njiani mmoja anaingia kwenye miwa ampishe mwenzake, na miaka hiyo miwa ya kuingia ilikuwa tele. Mkwe haulizi jambo mara mbili. Mkwe habishi. Akiambiwa jua ni bluu, anashukuru kwa kuelezwa.

Basi Dorothy ndiye aliyepata njia. Kila Jumapili baada ya kanisa walikuja Iguhu. Hezekiah aliketi nje, kiti kimegusa ukuta wa jiko, uso umeelekea barabara. Khalayi aliketi ndani kando ya moto, uso umeelekea chungu. Kati yao palikuwa na udongo, fito na samadi ya ng'ombe. Dorothy alikaa mlangoni, mahali pa kuwaona wote wawili, kama refa.

"Mama, shikamoo," ukuta ulisema.

"Marahaba, Baba Jescah. Jescah hajambo?" Jescah alikuwa mtoto wao wa kwanza, na kwa jina lake mama mkwe alipata la kumwitia baba yake.

"Hajambo. Mama, nilikuwa nataka kujua, wakati ule taa za barabarani Nairobi zilikuwa zinazimwa na nani asubuhi?"

Sasa mtu mzima akiketi gizani, mbele yake ukuta, nyuma ya ukuta mwanamume msomi wa darasa la nane ambaye haruhusiwi kubisha, atafanya nini? Khalayi alijitahidi. Mungu ni shahidi, alijitahidi kwa muda wa kugeuza ukuni mmoja.

"Alikuwapo twiga," alisema. "Wa gavana. Alipita asubuhi akizilamba moja moja, zinazimika."

Mlangoni Dorothy akapiga chafya.

"Ni moshi," Khalayi alisema haraka.

Nje kalamu ilikuwa inakwaruza karatasi. Twiga yule yumo kitabuni mpaka leo, sura ya tatu, anazima taa.

Chafya ya Dorothy ilikuwa ya tangu utotoni. Akidanganywa, pua inamwasha, anapiga chafya kama paka. Mwenyewe hakuwahi kulitambua hilo. Alidhani ana kifua kibaya. Khalayi alilijua sana, na kwa miaka yote alisingizia moshi, maua ya mahindi, pilipili, baridi ya mtoni. Alijua pia chafya hiyo ilitoka wapi. Hakumwambia mtu.

Ilitoka kwa Shikanga.

Shikanga alikuwa mume wake. Alikuwa askari wa mjini huko Nairobi, kisha vita vikaja akapelekwa Burma, Dorothy akiwa bado tumboni. Hakurudi. Hakukuwa na mwili wa kuzika, kwa hiyo wazee walizika mgomba badala yake, na mpaka leo kaburi la baba yake Dorothy lina ndizi ndani. Picha haikuwapo. Dorothy alipokuwa mdogo alikuwa akiuliza, "Mama, baba alikuwa mtu wa namna gani?" na Khalayi alijibu neno moja tu: "Mrefu." Mtoto akapiga chafya, akaenda kucheza.

Si kwamba hakutaka kusema. Kila akifungua mdomo kusema Shikanga alikuwa mtu wa namna gani, ilimbidi aanze na jinsi walivyojuana, na hayo si maneno ya mama kumwambia mtoto wake. Jina nalo halikutamkika. Mke wa siku zile hakumtaja mumewe kwa jina, awe hai awe Burma. Miaka ikapita. Kilichokaa kimya kikazoea kukaa kimya.

Ndipo ukuta ukauliza, Jumapili moja: "Mama, askari wa zamani walikuwaje? Nataka mpelelezi wangu awe askari mweusi, mdogo tu, ambaye wakubwa hawamsikilizi."

Khalayi alitazama moto. Akaona mlango umefunguka ambao angeweza kupita bila mtu kumwona.

"Nilikuwa namjua mmoja," alisema. "Hivi hivi tu. Kwa mbali."

Dorothy akapiga chafya.

"Moshi," alisema Khalayi.

Tangu siku hiyo alimtoa Shikanga kidogo kidogo, kama mtu anayelisha kifaranga. Sweta la bluu lenye kiraka kiwikoni. Vitambaa vya miguuni alivyovifunga vizuri kuliko askari wote wa stesheni, na chini yake miguu mitupu, kwa sababu viatu serikali ilikuwa haijawafikiria. Alivyohesabu kwa vidole vya miguu ili mikono ibaki huru kukamata mtu. Alivyoimba wimbo wa kanisa kwa pua akiwa anawaza, tena ubeti wa pili tu, wa kwanza hakuujua. Alivyopiga chafya akidanganywa, mpaka wezi wa River Road wakawa wanasema ukweli kumwonea huruma. Vyura waliolia kwenye kinamasi upande wa stesheni ya reli, naye akiwasalimu kama wafanyakazi wenzake wa zamu.

Hezekiah aliandika yote. Madereva pale kwenye mizani walimpenda askari huyo mpaka wakaanza kuiga chafya yake. Na Dorothy, ambaye kila jioni alisomewa sura mpya, alimwambia mama yake siku moja akichambua mboga: "Unajua mama, huyu askari wa kitabuni, ningependa sana kumjua."

Khalayi alilazimika kutoka nje kuangalia kuku ambao hawakuwa na shida yoyote.

Alikuwa amepanga vizuri. Kitabu kikishachapwa, Dorothy akishakishika mkononi, ndipo atamwambia: soma tena, huyo ndiye. Kama mtu anayeficha ingokho, kuku wa heshima, chini ya kapu mpaka wageni waketi. Hakujua kwamba mkwe wake, kwa bidii yake yote ya kutafuta muuaji ambaye hakuna msomaji angemshuku, angekwenda kumshika Shikanga.

"Protus," alisema sasa, akifuta mikono kwenye leso. "Trekta lako lina nafasi?"

"Nafasi ya nini, mama?"

"Ya mtu."

"Wa kwenda wapi?"

"Mizani."

Protus alicheka, kisha akaona yeye hacheki. "Mama! Kwa mkwe wako? Kazini kwake? Mchana?"

"Leo ni Jumamosi. Kesho haji, anapiga taipu. Jumatatu posta. Wewe unataka nipeleke ujumbe kwa njiwa?"

Aliingia ndani akavaa kitambaa chake cha kichwani, kile cha kanisani. Protus alimpakia juu ya bati la gurudumu la nyuma, wakaondoka, trela nyuma limejaa miwa mpaka linayumba kama mlevi mwenye heshima zake. Njia nzima Khalayi alishikilia kitambaa kwa mkono mmoja na chuma kwa mwingine, akiwapungia watu kwa kidevu.

Mizani ilikuwa uwanja wenye vumbi, foleni ya matrekta, kibanda cha mbao chenye dirisha, na mbele ya dirisha lile bamba kubwa la chuma ambalo trekta na trela lake hupandia kupimwa. Protus alipanda. Hezekiah, kichwa kimeinama, alisoma uzito, akaandika, akagonga muhuri. Bibi kizee alikuwa bado yuko juu ya bati, upande wa pili wa mzigo. Hivyo ndivyo kiwanda kilivyomnunua mama mkwe wa karani wake kwa bei ya miwa, na hakuna aliyelalamika.

Khalayi alishuka taratibu, akasimama kule kule, ukuta wa miwa ukiwa kati yake na dirisha. Akarekebisha kitambaa.

"Baba Jescah!"

Kalamu ya Hezekiah ilianguka. Sauti ile aliijua kuliko sauti zote duniani, kwa sababu hakuwa na kitu kingine cha kumjulia mwenye nayo. Alivuta kofia mpaka puani, akageuza kiti akatazama kalenda ukutani.

"Mama? Uko wapi?"

"Niko nyuma ya miwa. Usigeuke."

"Sigeuki, mama. Nani amekufa?"

"Bado. Ndiyo nimekuja kuzuia."

Madereva walizima injini moja baada ya nyingine. Hakuna aliyewaambia. Sylvanus, dereva mzee kuliko wote, mwenye sharubu kama fagio, alikuja akaketi juu ya tairi kabisa, kama mtu aliyelipa kiingilio.

"Nimesikia utamnyonga askari," Khalayi alisema.

Hezekiah alivuta kofia zaidi. "Ah. Ndiyo, mama. Ni mbinu. Msomaji anamwamini mpelelezi tangu mwanzo, kwa hiyo hawezi kumshuku. Akifika mwisho anashtuka."

"Nimeshtuka. Sasa mfungue."

"Mama, nimeshapiga taipu mpaka ukurasa wa—"

"Askari wa siku zile walikuwa hawaruhusiwi kuua watu. Ilikuwa sheria. Gavana aliiandika."

"Hachiii!"

Wote waligeuka. Dorothy alikuwa amefika na kikapu cha chakula cha mumewe, obusuma, ugali wa moto, na mboga, akasimama katikati ya uwanja akimtazama mama yake aliyekuwa amejificha nyuma ya trela kama mwizi wa miwa.

"Mama! Umekuja na nini?"

"Na miwa. Kaa hapo."

"Mama," Hezekiah aliiambia kalenda kwa unyenyekevu mkubwa, "mimi sibishi. Siwezi kubisha. Lakini naomba kueleza tu. Nikimwacha askari, sina muuaji. Mpishi kila mtu anamshuku. Fundi wa saa nilimvunja mguu sura ya tano."

"Hata mimi nilikuwa nimeshika fundi wa saa," Sylvanus alisema kwa huzuni.

"Wewe nyamaza, soda yangu hujalipa," Protus alisema.

"Askari alikuwa mgonjwa siku hiyo," Khalayi alijaribu tena. "Malaria. Nilimwona kwa macho yangu amelala hospitali."

"Hachiii!"

"Dorothy, nenda mbali na vumbi!"

"Hakuna vumbi, mama, matrekta yamezimwa yote."

Na kweli. Uwanja ulikuwa kimya mpaka miwa ikasikika ikilia yenyewe kwenye jua. Hapakuwa na moshi, maua ya mahindi wala baridi ya mtoni. Khalayi aliweka kiganja kwenye miwa iliyokuwa mbele yake. Ilikuwa na majivu ya moto wa shambani, ikamchafua mkono. Alifikiri juu ya mtu aliyekwenda Burma bila kaburi, sasa anawekewa kamba shingoni, mbele ya binti yake, kwa karatasi na wino, kwa sababu tu mke wake alikuwa na haya.

"Baba Jescah," alisema, na sauti ilikuwa ndogo. "Weka kofia vizuri. Nataka kusema maneno ambayo mkwe hasikii."

"Nimeweka, mama."

"Palikuwa na mpera, kwenye ua wa Mzungu mmoja, kule Parklands. Si wa Mzungu wangu, wa jirani. Nilikuwa nimetumwa posta. Nikarukia tawi nikachuma pera, nikalitia mdomoni. Ndipo mtu akanishika mkono." Aliugusa mkono wake wa kushoto, juu ya kiwiko, hakujua anaugusa. "Askari. Mfupi. Miguu mitupu. Akaniuliza, hili pera ni lako? Nikasema nimepewa. Akapiga chafya. Nikasema limeanguka lenyewe mdomoni. Akapiga chafya mbili. Akasema basi twende stesheni, na pera nitalibeba mimi, ni ushahidi. Tukaenda. Njia nzima anaimba kwa pua. Tulipokaribia stesheni nikageuka, naona ameshika kikonyo tu. Amekula ushahidi."

Sylvanus alifungua mdomo kucheka. Protus akamkanyaga mguu.

"Akasema, sasa sina kesi. Itabidi nikurudishe nyumbani. Na kesho yake akaja kuuliza kama nimeiba tena." Khalayi aligeuza uso upande wa binti yake. "Dorothy. Nilikudanganya. Hakuwa mrefu. Alikuwa mfupi hivi, mpaka kwenye kitambaa changu. Lilikuwa ndilo neno nililoweza kusema, na halikuwa hata la kweli. Askari huyo ni Shikanga. Shikanga, baba yako."

Jina lilitoka kwa shida, kama kitu kilichokaa muda mrefu chini ya sanduku. Hakuwa amelisema tangu siku alipoolewa.

Wote walingoja. Hata kalenda ilionekana kungoja. Protus alimtazama Dorothy puani. Dorothy mwenyewe alikuwa ameshika pua kwa vidole viwili, kwa mara ya kwanza maishani akiisikiliza.

Chafya haikuja.

"Kumbe," Dorothy alisema mwishowe. "Kumbe si kifua."

Kisha akaweka kikapu chini, akazunguka trela, na kilichotokea huko nyuma ya miwa madereva hawakukiona, ila walisikia wanawake wawili wakilia na kucheka bila mpango. Ndani ya kibanda Hezekiah alivua kofia, akaivaa, akaivua tena.

"Mama," aliita, alipoona kilio kimepungua. "Nisamehe. Nilitaka kumnyonga baba mkwe."

"Hukujua. Ungewezaje kujua, na huruhusiwi kuuliza mara mbili?"

"Namfungua leo leo. Lakini sasa..." Alikuna kichwa. "Sasa Bwana Makoti ameuawa na nani?"

Nyuma ya miwa Dorothy, aliyekuwa akimtazama mama yake usoni, aliona kitu kikirudi pale ambacho alikifahamu vizuri, kile kilichomleta twiga.

"Mweke yaya," Khalayi alisema.

"Yaya gani?"

"Si nyumba ya tajiri? Haina yaya? Nani alipika chai? Nani alipita na sinia kila sura, wewe ukamwandika mstari mmoja bila hata jina? Nani atamshuku?"

Sylvanus alijipiga paja. "Haki ya Mungu! Yaya!"

"Mama, mimi..." Hezekiah alirudisha kofia kichwani. "Mimi siwezi. Mkwe gani anaandika mama mkwe wake ameua mtu?"

"Nani amekwambia ni mimi? Mimi Mzungu wangu alirudi kwao mzima, mnene, na alinipa sufuria. Huyu ni yaya wa kitabuni. Alimwua Bwana Makoti kwa sababu alifanya kazi kwake miaka yote, anaitwa 'wewe', na hata siku moja hakuulizwa jina lake. Hiyo haitoshi?"

Hezekiah alifikiri. Mkono wake ulikuwa umeshaanza kutafuta kalamu.

"Inatosha," alisema. "Inatosha sana."

"Na sharti moja. Askari ndiye amkamate. Yeye mwenyewe. Kwa mkono."

Kitabu hakikwenda posta Jumatatu ile. Kilikwenda ya pili yake, na Jumapili ya katikati Hezekiah alikuja Iguhu kama kawaida, kiti kikagusa ukuta, uso kwenye barabara. Khalayi alikuwa ameketi kando ya moto na kitambaa cha kanisani hajakivua. Dorothy alikuwa mlangoni.

Hezekiah alisoma sura ya mwisho yote. Jinsi askari alivyomfuata yaya kutoka River Road mpaka Parklands, akiimba ubeti wa pili. Jinsi ushahidi ulivyokuwa mmoja tu: pera lililong'atwa, lililoachwa kando ya kikombe cha sumu, lenye alama ya meno yenye mwanya. Jinsi alivyomkuta yaya chini ya mpera, akamshika mkono juu ya kiwiko. Akamwomba acheke. Yaya akacheka, mwanya ukaonekana. Askari akalitazama pera, akamtazama yaya, akalitazama pera. Akalila, mpaka kikonyo.

"'Sasa sina kesi,' askari alisema. 'Itabidi nikurudishe nyumbani.'" Karatasi zilitulia. "Mwisho. Mama, madereva wamekasirika. Wanasema muuaji hawezi kuachwa hivi hivi. Sylvanus hanisalimu. Na mhariri huko Nairobi sijui atasemaje."

Ndani moto ulipasuka kidogo. Khalayi alikuwa ameweka mkono wa kulia juu ya ule wa kushoto.

"Soma tena pale," alisema.

"Pale wapi, mama?"

"Pale anaponi... pale anapomshika yule yaya. Si mimi. Yaya tu."

Mlangoni Dorothy akapiga chafya.

"Ni moshi," Hezekiah alisema kutoka nje, kwa heshima zote, akarudi nyuma ukurasa mmoja, akaanza kusoma tena.